Wasee wa mapango, lipeni kiingilio

Kuna mtindo umeingia huku kwetu Bonde la Ufa. Ikifika Jumamosi, vijana wa Nakuru, Molo hadi huku juu Kuresoi wanachanga pesa ya mafuta, wanajaza gari na kushuka kutafuta pango. Menengai ni karibu. Wenye chapaa wanasonga hadi Mlima Suswa, kule mbele ya Mai Mahiu. Wakirudi, kelele mtandaoni ni ile ile: mbona tulipishwe kuingia kwa shimo ambalo Mungu mwenyewe alichimba?

Mimi nasema lipeni. Na mkishalipa, msikilizeni anayelinda.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili na jiolojia sikuwahi kusoma, lakini hii ya Suswa si ngumu kuelewa. Lava ilitiririka kama uji wa moto, juu ikaganda, ya ndani ikaendelea kukimbia hadi mfereji ukabaki mtupu. Ukivunja jiwe la dari, limeenda, halioti tena. Ndani wanaishi popo, chui hujificha humo, na kuna ukumbi unaoitwa Bunge la Nyani ambapo mawe yamelainika kwa makalio ya nyani wa vizazi na vizazi. (Hao angalau hawajiongezei mshahara.) Juu ya mapango wanaishi Wamaasai, ambao hukinga mvuke unaotoka ardhini ili wapate maji. Hifadhi ni yao. Kijana wa pale mwenye tochi ndiye anajua chui ameonekana wapi. Sasa wewe unataka kumkwepa kwa sababu mtu alikutumia ramani kwa simu?

Hiyo tabia ya kusambaza ramani ndiyo inaniudhi zaidi. Pango likipata umaarufu kabla ya kupata mlinzi, kinachofuata ni chupa, makaa na majina ya wapenzi yaliyoandikwa ukutani, wengine hata walishaachana. Kule Menengai kuna waumini wanaofunga na kuomba mapangoni. Unakuta mtu anawamulika usoni katikati ya sala apate video ya kuchekesha. Ungeingia hivyo kwa kanisa la mamako?

Halafu kuna hatari ambazo picha hazionyeshi. Mwaka 1980, na tena 1987, mtu aliyekuwa amezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, alikufa kwa virusi vya Marburg. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa ugonjwa huo huo baada ya kuingia pango la Python, Uganda. Waganda walilifunga, kisha wakajenga kibanda chenye kioo ili watu watazame popo kwa mbali. Hawakuua popo, na wageni bado wanaenda.

Hapa kwetu tunangoja msiba ndio tukumbuke kufuli. Septemba 2019 maji yaliwasomba watu saba kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, mwelekezi wao akiwa mmoja wao. Korongo likafungwa. Ndiyo maana nasema kumlipa mwelekezi peke yake hakutoshi. Langoni lazima kuwe na mtu mwenye uwezo wa kusema leo hakuna kuingia, mvua imenyesha kule juu, hata kama umetoka Olenguruone saa kumi usiku na umeshalipa.

Wanaolalamika wana haki kwa jambo moja: pesa inaenda wapi? Kule Shimoni, Kwale, wanakijiji wenyewe ndio wanaendesha pango lao la kihistoria, na mapato yamesaidia shule na afya. Huyo mgeni hana swali. Lakini ukilipa mtu aliyekaa kwa jiwe, bila risiti, bila bei iliyoandikwa popote, lazima uhisi umeporwa. Basi bei iandikwe kwa ubao, mwenyeji awe na bei yake, na idadi ya watu kwa kila kundi ijulikane. Kaunti zinaweza kusaidia na barabara na vyoo, lakini lango waachiwe wenye ardhi.

Genge letu la Keringet linapanga Suswa mwezi ujao, watu wanane tu. Anayetaka nafasi alete ya kiingilio kwanza. Ya mafuta tutaongea.