Mama wa Mungaa Asisingiziwe

Hoja inayorudi magazetini, kwamba watoto wanadumaa kwa sababu mama zao hawajui lishe, inamwonea mama wa Mungaa, mkoani Singida. Anaujua mlenda, anazijua kunde, anaujua ugali wa uwele. Kuku wapo uani, ila wanauzwa, wanasafirishwa hadi Dar es Salaam, ili daftari na dawa zipatikane. Msimu wa kilimo, chakula cha ghalani kikielekea kwisha, yuko shambani tangu alfajiri. Mtoto wa mwaka mmoja anashindia uji mtupu. Semina gani itamwongezea saa za kumlisha?

Iringa ilijibu swali hilo miaka ya 1980. Chini ya mradi wa Serikali na UNICEF, watoto walipimwa uzito kijijini, na kijiji chenyewe kikajadili matokeo: nani awalee wadogo mchana, nani awapikie. Utapiamlo mkali ulipungua sana.

Hata hivyo, mwaka 2022, watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa. Wenyeviti wa vijiji, uzito wa watoto usomwe mkutanoni, akina baba wakiwepo.