Msibebe Kuku Kwenda Nansio

Sisi walimu wastaafu wa hapa Mwanza tuna kikundi chetu cha kuzikana na kusaidiana, na mara moja kwa mwaka, fedha zikiruhusu, husafiri pamoja kwenda mahali pa kupumzika. Safari hii tumekubaliana kwenda Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, kwa siku nne: tule vizuri, tulale mapema, tukae kando ya maji bila kusikia honi ya daladala. Hadi hapo sikuwa na neno. Neno lilianza pale Kamati ya Safari ilipotugawia karatasi ya matayarisho. Niliisoma mara tatu nikidhani ni macho yangu yenye kasoro. Kuku wa kisasa 20, wakaangwe Mwanza na kupakiwa katika hotipoti. Mchele kilo 25. Viazi ulaya gunia 1, kwa ajili ya chipsi. Mayai trei 6. Soda kreti 5. Palipoandikwa "samaki" palikuwa na alama ya kuuliza, na pembeni mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu: "wapo wasiopenda miba."

Niliomba dakika tano za kusema. Nilikatizwa katika dakika ya pili, tena na watu niliowahi kuwakagulia maandalio ya masomo. Basi yale ambayo sikuruhusiwa kuyamaliza mkutanoni nayamalizia hapa, ambapo hakuna mwenyekiti wa kunigongea meza.

Nasema hivi: mtu anayekwenda kisiwa kilichozungukwa na samaki huku amebeba kuku wa kukaanga mapajani, huyo hakwenda popote. Amehamisha tu kiti chake.

Hebu tumfuate huyo kuku tuone ametoka wapi. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, wavuvi wa visiwani huwasha taa zao juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri. Dagaa hufuata mwanga, huvuliwa, na asubuhi huanikwa mchangani na juu ya majabali. Wakikauka hujazwa magunia na kuletwa hapa Mwaloni, Kirumba. Baadhi hununuliwa na walaji, na wengi huishia kwenye mashine za kusaga chakula cha mifugo. Kifaranga wa kisasa hulishwa unga huo wiki tano au sita, kisha huuzwa, hukaangwa, hutiwa katika hotipoti ya Kamati, na kupandishwa melini kwenda Ukerewe. Kwa hiyo dagaa wa Ukerewe anarudi kwao akiwa amevaa manyoya, na sisi tumelipia nauli yake kwenda na kurudi! Nilipoyasema haya mkutanoni watu walicheka, lakini hakuna aliyefuta kuku hata mmoja kwenye orodha.

Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, alisema kwa upole kwamba matumbo ya wazee hayataki majaribio. Ni hoja nzuri ikielekezwa panapostahili. Katika kikundi chetu zaidi ya nusu tuna sukari au shinikizo la damu. Daktari gani aliyewahi kumwambia mzee wa namna hiyo ale chipsi na kushushia soda? Sato wa kuchemsha kwa nyanya, kitunguu na ndimu, chumvi kidogo, mafuta karibu hakuna, ndicho chakula tunachoandikiwa hospitalini kila mwezi, tukarudi nyumbani tukakisahau.

La, si matumbo. Ni aibu. Watu hawa hawa wakienda Unguja hawabebi kuku. Huenda Forodhani jioni, wakala pweza na urojo wamesimama, wakarudi Mwanza kusimulia mwezi mzima. Mzanzibari hakuwaomba radhi kwa urojo wake. Aliwawekea mbele, akataja bei. Lakini sisi watu wa Kanda ya Ziwa tumejifundisha kwamba chakula chetu ni cha nyumbani tu, cha kuliwa mlango ukiwa umefungwa, na mgeni akija lazima tukimbilie dukani.

Na tabia hii ina historia. Sangara alipandikizwa katika ziwa hili miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka kwa kasi ya kutisha, akawala furu hata aina nyingi zikapotea. (Hata sato tunayemwita wetu, yule mkubwa wa sokoni leo, wengi wao ni kizazi cha samaki aliyeletwa miaka hiyo hiyo ya 1950. Ngege wa wazee wetu ni nadra sasa. Nasema haya ili nisionekane nadai usafi usiokuwapo.) Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikasimama hapa Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na vichwa na mifupa, yaani mapanki, vikabaki kukaangwa na kuuzwa mitaani. Ilipotoka ile filamu ya Hubert Sauper mwaka 2004 iliyopigwa hapa mjini, na mwaka 2006 serikali ikaipinga kwa nguvu, tulibishana sana kama kweli tunakula mapanki au hatuli. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokasirika. Lakini leo najiuliza mbona hatukubishana kuhusu mnofu wenyewe. Tulikwisha kuzoea kwamba kilicho bora cha ziwa ni cha watu wengine, nasi tuagize kuku.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda Nansio peke yangu kwa shughuli ya msiba. Karibu na gati kuna mama ntilie mwenye meza mbili na benchi. Ubaoni ameandika kwa chaki: chipsi, chipsi mayai, chipsi kuku, wali maharage. Nikamwuliza, "Mama, ugali wa udaga hamna?"

Akaniangalia kama mkaguzi. "Shikamoo baba. Upo, lakini ni wa watoto, uko huku nyuma."

"Marahaba. Kwa nini usiuweke mbele?"

"Wageni wa Mwanza hawautaki, baba. Nikiupika wa kuuza unabaki, na unga wenyewe nimenunua."

Nikamwomba aniletee huo wa watoto. Akasita, akaenda, akarudi na sahani iliyofunikwa, kana kwamba ananiletea kitu cha magendo. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mwekundu kidogo, wenye ile harufu ya uchachu na unaovutika ukiumega, na dagaa waliopikwa kwa nyanya na karanga. Sikumbuki nimekula vizuri kuliko siku ile tangu mke wangu afariki. Alipotaja bei niliona haya, kwa kuwa ilikuwa chini ya bei ya soda mbili.

Kosa basi si la yule mama. Ubao wake wa chaki umeandikwa na sisi. Kila mgeni anayeshuka gatini na hotipoti yake anafuta neno moja pale ubaoni, na siku moja hata huko nyuma hakutakuwa na kitu, maana watoto nao wana macho. Wanaona kinachowekwa mbele na kinachofichwa.

Nalijua hili kwa sababu niliwahi kuwa miongoni mwa wafichaji, tena wa kulipwa mshahara. Mwaka 1974, nikiwa na miaka 22 na cheti kipya cha ualimu, nilipangwa katika shule moja ya kisiwani. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuja na michembe mfukoni, akawa anaitafuna wakati wa hesabu. Ningeweza kumwadhibu kwa kula darasani, hilo lingekuwa sawa. Badala yake niliinua kile kipande cha kiazi kikavu juu, nikawauliza wenzake kama hiki ni chakula cha mwanafunzi au cha nguruwe. Darasa likacheka. Nami nikacheka, ingawa nimekuzwa kwa michembe na matobolwa kwa bibi yangu. Jioni mama wa yule mtoto, ambaye sijui aliambiwa nini, alinitumia furu wa kuchoma waliofungwa katika jani la mgomba, salamu za kumkaribisha mwalimu mgeni. Niliwaona wadogo, wana miba. Nikampa kijana aliyekuwa akinichotea maji. Hadi leo sijui ladha ya furu wa siku zile. Nasikia siku hizi wameanza kuonekana tena sehemu fulani za ziwa, baada ya sangara kupungua. Mtoto yule hakuleta tena michembe shuleni. Nilihesabu kuwa nimefaulu.

Kwa hiyo ninapoiambia Kamati ipange upya, siipangii kama mtu msafi. Napendekeza hivi. Tusafiri mchana, na chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi tusikipande, hata kama tumekwisha kulipa. Hakuna anayehitaji kukumbushwa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya kule Ukara na zaidi ya watu 220 wakafa, wengi wao wakitoka gulioni Bugorora. Wanaoogopa safari ndefu ya maji wapite Bunda hadi Kisorya, wavuke kwa kivuko hadi Rugezi. Kwa meli kutoka Mwanza ni kama saa tatu au zaidi kidogo, na saa hizo zisichukuliwe kuwa hasara, kwani mtu hufika na njaa ya haki.

Chakula kiagizwe siku moja kabla. Hili ndilo jambo ambalo mtu wa mjini halielewi. Yeye anataka akae, aagize, apewe. Nansio si hivyo, na haipaswi kuwa hivyo. Ukitaka sato mzuri, mama ntilie lazima ajue jana, amwambie mvuvi, amwekee akiba kabla wachuuzi hawajampakia katika barafu kuja Mwanza. Mlipe bei ambayo mchuuzi angelipa, usimbembeleze eti wewe ni mzee. Ukiletewa sangara mchanga wa chini ya sentimita 50, mkatae kwa adabu. Huyo sheria hairuhusu avuliwe, na ukimla leo unakula mtaji wa kisiwa. Asubuhi uji wa udaga na michembe ya kuchemsha kwa karanga. Mchana lala. Machungwa yanunuliwe kwa wakulima wenyewe wakati wa msimu. Ya Ukerewe ni matamu, na ni upuuzi kuyapita ukiwa na kreti ya soda ya machungwa begani.

Siku ya tatu, wenye miguu wazunguke hadi Kagunguli, alikoishi Mzee Aniceti Kitereza. Alimaliza kuandika kitabu chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapaji, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Anayetaka kujua jinsi mgeni alivyopokewa na kulishwa kisiwani pale zamani, atayakuta mle kwa kirefu, hatua kwa hatua. Ningependa Kamati ikisome kabla ya kununua mayai.

Tulipiga kura Jumamosi iliyopita. Tuliotaka kuku wabaki Mwanza tulikuwa 4, waliotaka wasafiri 11. Baada ya kikao mweka hazina, ambaye alipiga kura upande wa kuku, alinifuata nje akaniuliza kwa sauti ya chini kama ule udaga wa yule mama unachanganywa mtama au mahindi. Nikamwambia mtama. Akasema mama yake marehemu alikuwa akichanganya mtama.

Nimekwisha kutuma salamu Nansio. Mimi nitatangulia siku moja, na yule mama nimemwomba sato wawili wa kuchemsha na udaga wa kutosha watu wanne. Jana jioni mweka hazina alinipigia simu, akaomba niongeze sahani moja, na nisiwaambie wengine.