Tusichome vitamini iliyo ndani ya mawese

Mara mbili kwa mwaka, watoto wa inchi yetu wenye miezi 6 hadi 59 wanapewa vitamini A. Kapsuli inakatwa, matone ya mafuta yanadondoka juu ya ulimi. Ni kazi nzuri na iendelee, sababu mtoto aliyekosa vitamini hiyo haoni vizuri giza likiingia, na surua ikimkuta inamwangusha haraka.

Lakini siku ile ile, nyumbani, tunabandika mawese motoni mpaka wekundu unaisha na moshi unajaa jikoni. Wekundu huo ni karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Kilo moja ya mawese yasiyochomwa ina karotini miligrama 500 hadi 700. Kijiko kidogo kwa siku kinaweza kumtosha mtoto mdogo.

Huko ng'ambo, viwanda vinahangaika kulinda karotini hiyo hiyo. Wanaiyeyusha ndani ya mafuta, wanayapasua mafuta kuwa matone madogo sana, na kila tone wanalivika ganda la protini ya maziwa, la wanga, ao la gundi ya miti ya Sudani na Chadi. Ganda linapunguza hewa inayoingia, na matone yanakaa ndani ya maji bila kujitenga. Ndivyo karotini inavyotia rangi soda ya machungwa, hata kama yenyewe haikubali maji.

Hatukatai elimu hiyo. Vyuo vikuu vya Bukavu na Goma viijaribu kwa mawese ya Fizi, na serikali itoe vyombo vya maabara. Ila maadui wa kiwanda ndio maadui wa soko letu: moto mkali, jua na hewa. Chupa za mawese zinapangwa juani kutwa nzima. Bidoni lililofungwa vizuri na kuwekwa kivulini ni ganda lisilohitaji mashine.

Wengine watasema mawese yasiyochomwa yana harufu. Ni kweli, wengi hawaipendi. Basi tuyatie ndani ya sombe mwishoni, kwa moto mdogo. Mafuta hayo yatasaidia hata karotini ya majani yenyewe kuingia mwilini.

Tunaomba wakubwa wa afya: siku ya kutoa matone, wamama waelezwe jambo hili pia. Kapsuli inakuja mara mbili kwa mwaka, lakini sufuria inapanda motoni kila siku.