Kusadiki na Kufikiri: Dhidi ya Uhakiki Unaouliza Dini ya Mwandishi

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria kikao ambamo mwanafunzi wa uzamili alikuwa akitetea pendekezo lake la utafiti. Mada yake ilikuwa mashaka ya kidini katika riwaya ya Kiswahili. Alikuwa amejitayarisha vyema kujibu maswali juu ya nadharia, mbinu na mipaka ya utafiti. Swali la kwanza kutoka kwa jopo halikugusa lolote kati ya hayo. Aliulizwa kama yeye mwenyewe anamwamini Mungu. Mwanafunzi yule alinyamaza, akazitazama karatasi zake, na kabla ya muhula kwisha alikuwa amekwisha kubadilisha mada na kuanza kuandika juu ya methali. Tasnifu ya methali ilipita bila shida. Ile ya mashaka haikuandikwa na hatutaisoma kamwe.

Makala haya ni jibu lililochelewa kwa swali lile. Nadai kwamba halikuwa swali la kihakiki, kwamba tabia iliyolizaa imeuharibu usomaji wetu wa baadhi ya kazi bora za Kiswahili, na kwamba madhara yake hayaishii darasani. Hoja yangu kuu ni hii: akili ya binadamu, kwa nyenzo za fasihi, haiwezi kuthibitisha kwamba Mungu yuko wala kwamba hayuko, hata hivyo, ina haki, naam ina wajibu, wa kumhoji kila asemaye kwa niaba ya Mungu. Wahakiki wengi huyachanganya mambo haya mawili. Watunzi wetu walizijua tofauti zake zamani.

Tuanze na mshtakiwa mkuu. Tangu Euphrase Kezilahabi achapishe *Kichwamaji* mwaka 1974, wapo wahakiki ambao hawakuchoka kumfungulia kesi. Ushahidi wao ni Kazimoto, msomi anayetilia shaka kila kitu, Mungu akiwemo, na ambaye hatimaye anajitoa uhai. Kutokana na hayo hutolewa hukumu mbili zinazopingana. Kundi la kwanza husema: mwandishi amekana Mungu, na riwaya yake inapotosha vijana. Kundi la pili, likitaka kumwokoa, husema: la, mwandishi ni mcha Mungu, kwa kuwa amemwua mhusika wake ili kutuonya juu ya mwisho wa wakanao. Makundi haya hudhaniwa kuwa mahasimu, ilhali yanakula sahani moja. Yote mawili yanaamini kwamba thamani ya riwaya imo katika cheti cha imani cha mwandishi wake.

Turejee kwenye matini. Ni nini kinachomwangamiza Kazimoto? Ni mlolongo wa matendo ya binadamu: unyanyasaji uliofanywa na Manase kwa Rukia, kiu ya kisasi, starehe za wasomi zisizo na dhamana, na maradhi yanayoibuka kwa mtoto aliyezaliwa na kichwa kikubwa. Hakuna radi inayoshuka kutoka mbinguni. Wala hakuna mahali ambapo msimulizi anasema kuwa mbingu ni tupu. Riwaya inaonyesha jambo gumu zaidi kuliko hukumu zote mbili: jinsi mtu aliyepoteza jibu alilorithi, na asiyepata jingine, anavyoweza kulemewa na uhai wenyewe. Mwenye imani na asiye nayo wanaweza kuisoma kurasa kwa kurasa, na kila mmoja akatoka amejeruhiwa. Anayeipunguza hadi kuwa mahubiri au matusi amejikinga na jeraha hilo, hajaifafanua riwaya.

Wanaoshikilia kwamba Kezilahabi aliisujudia akili watapata taabu kubwa zaidi katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991). Katika *Nagona* wanafikra wakubwa wa Ulaya wanapita mbele yetu, lakini hakuna anayekabidhiwa ufunguo. Mantiki yenyewe inawekwa kizimbani. Katika *Mzingile* kuna safari ya kumtafuta mzee aliyejitenga, ambaye wahakiki wengi wamemwona kuwa taswira ya Mungu. Lakini angalia: msafiri haketi nyumbani akitoa hoja kwamba mzee yuko au hayuko. Anakwenda. Mwandishi amelihamisha swali kutoka kwenye kanuni na kulitia kwenye safari, na msomaji asiyekubali kusafiri hatapata kitu. Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Sidhani kama alituachia kazi ya kuamua alizikwa na imani gani.

Ipo hoja ya pili ambayo hutolewa kwa sauti ya uzalendo. Inasema kuwa mashaka ni bidhaa ya kigeni. Kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kwa maumbile yake, na kwamba anayehoji amelishwa kasumba ya vyuo vya Ulaya. Hoja hii hupenda kujifunika joho la John Mbiti, ambaye kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kilisisitiza jinsi dini ilivyopenya kila pembe ya maisha ya Mwafrika. Lakini hapa hapa Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Okot p'Bitek alimjibu Mbiti na wenzake kwa ukali. Alidai kwamba wasomi hao walikuwa wameivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa wamishonari. Alisimulia jinsi wamishonari walivyowauliza wazee wa Kiacholi juu ya aliyewafinyanga, hadi wakapewa jina Rubanga, ambalo kwa Waacholi lilihusu nguvu inayopinda uti wa mgongo wa mtu. Swali la mgeni lilizaa jibu ambalo mwenyeji hakulikusudia.

Unaweza kumpinga p'Bitek. Wengi wamempinga, na kwa hoja nzuri. Usichoweza kufanya ni kumwita mgeni. Mjadala juu ya Mungu ulifanywa na Mwacholi na Mkamba, kila mmoja akitetea anachokijua cha kwao. Anayesema kuwa mashaka hayana asili hapa anawanyang'anya watu wetu jambo ambalo kila binadamu anapaswa kuachiwa: haki ya kutoshawishika.

Hata imani ya mwambao, ambayo wengi huitaja kana kwamba ilikuwa usingizi mtulivu, ilikuwa imani yenye hoja. *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hufundishwa mara nyingi kama waadhi mtupu. Lakini mshairi hauambii moyo wake uamini kwa kuwa umeamriwa. Anauchukua, kama wakili amchukuavyo hakimu mahali pa tukio, na kuutembeza katika magofu ya Pate. Anauonyesha majumba yaliyokuwa na taa na watu, ambayo sasa ni makao ya popo na ndege. Anauuliza waliko wenye mali na enzi. Huo ni ushahidi wa macho, na moyo unatakiwa kuupima.

Hapa ndipo uhakiki wa kweli unapopaswa kuanza, na ndipo unapokoma kwa woga. Magofu yanathibitisha mauti, hayathibitishi ufufuo. Kutoka kwenye ukumbi wenye popo hadi kwenye siku ya hesabu kuna hatua ambayo macho hayawezi kuipiga. Mshairi anaipiga kwa imani, na uzuri wa utenzi umo katika namna anavyotubeba juu ya pengo hilo bila kulificha. Mhakiki anayeona waadhi tu halioni pengo. Na yule wa upande wa pili, ambaye katika miongo ya 1970 na 1980 alitufundisha kuwa utenzi huu ni itikadi ya tabaka la mabwana waliofilisika, naye halioni. Amegundua, sawa, kwamba majumba yaliyolia yalikuwa ya matajiri. Lakini hofu ya kufa haina tabaka. Kuueleza uchumi wa Pate si kuujibu moyo unaouliza utakwenda wapi. Akili inayodai kuwa swali lisilopimika si swali imejigeuza kuwa dini nyingine, yenye makasisi wake na maapizo yake.

Mwandishi aliyeuelewa uhusiano huu kuliko wote ni Shaaban Robert, na majina ya vitabu vyake viwili yanatosha kuwa mtaala. *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951. *Kufikirika* kilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Mtu mmoja aliyemcha Mungu waziwazi, tena bila kujionyesha, aliunda nchi mbili: moja akaiita kwa kitenzi cha imani, nyingine kwa kitenzi cha akili. Wahakiki wametumia wino mwingi kutafuta ukoloni ndani ya vitabu hivyo, na umo. Lakini wachache wameuliza ni kwa nini vitenzi hivyo viwili.

Katika *Kusadikika*, Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria, yaani kuwafunza watu kujitetea kwa hoja. Hana silaha ila maneno. Anasimulia siku baada ya siku habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, pamoja na mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa na kutupwa gerezani. Miongoni mwa wajumbe hao wamo Buruhani na Amini. Yaani katika nchi ya kusadiki, ushahidi na uaminifu wamefungwa gereza moja, na anayewafungua ni mtu aliyefundisha kuhoji. Katika *Kufikirika* jambo ni zito zaidi. Wanaodai kujua siri za ghaibu wanaagiza kafara ya binadamu, mwerevu na mjinga, iwe dawa ya maradhi katika nyumba ya mfalme. Shaaban Robert hasemi kuwa hakuna Mungu. Anasema kwamba anayeleta amri ya kumwaga damu kwa jina la yasiyoonekana lazima ajibu maswali mbele ya watu.

Napenda msomaji akae kidogo na neno hilo: kafara. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa, na watoto walikuwa miongoni mwao. Waliookolewa walieleza jinsi walivyoelezwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Makosa ya jinai ni kazi ya mahakama, na sina la kuongeza. Lakini sisi tunaofundisha kusoma tuna swali letu. Wafu wale hawakufa kwa sababu walimwamini Mungu. Mamilioni humwamini na hulisha watoto wao. Walikufa mahali ambapo kumhoji msemaji wa Mungu kulihesabiwa kuwa ni kumhoji Mungu mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti niliyoitaja mwanzoni, na sasa tunaijua bei yake.

Je, jopo lililomnyamazisha mwanafunzi wa uzamili linahusika na msitu? Si kwa namna ya moja kwa moja, na sitaki kutia chumvi. Hakuna aliyekufa katika chumba kile. Lakini kanuni iliyotumika ni ile ile: mwenye swali ageuzwe mshukiwa, ili swali lisijibiwe. Chuo kikuu kikiifuata kanuni hiyo, hakina la kumfundisha mtu yeyote anayeketi mbele ya mhubiri yeyote.

Nitaambiwa: ukiruhusu akili iingie, imani itakwisha. Aliyesema hivyo hajui historia ya imani. Al-Ghazali, anayeheshimiwa na wanazuoni wa mwambao wetu, alieleza mwenyewe jinsi mashaka yalivyomwandama kabla ya kupata yakini. Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi, alimpinga Al-Ghazali katika mengi, lakini alishikilia kwamba sheria yenyewe inamwamuru mwenye uwezo kutafakari. Na katika Injili ya Yohana, Tomaso alidai kuona makovu kabla ya kusadiki. Wenzake hawakumfukuza, wiki iliyofuata alikuwa bado pamoja nao. Imani ambayo haiwezi kuketi meza moja na Tomaso ina upungufu, na upungufu huo haukuletwa na Tomaso.

Nitaambiwa pia, kutoka upande wa pili: kwa nini usiseme wazi kama Mungu yuko? Kwa sababu jibu langu, liwe lolote, halitamsaidia msomaji kuelewa mstari mmoja wa *Nagona*. Anayetaka kujua imani yangu anataka kunipanga kwenye kundi ili asihitaji kuzipima hoja zangu. Ndivyo alivyotendewa Kezilahabi, na ndivyo alivyotendewa yule mwanafunzi.

Tufanye nini basi? Tuache kuwauliza waandishi na wanafunzi vyeti vya dini. Tuifundishe *Al-Inkishafi* pamoja na pengo lake, na *Kichwamaji* pamoja na jeraha lake, katika darasa moja na mbele ya wanafunzi wale wale, bila kuwaahidi kwamba mwisho wa muhula watakuwa wameamini au wameacha kuamini. Na pendekezo la utafiti juu ya mashaka likiletwa tena mbele ya jopo, swali la kwanza liwe juu ya matini. Mwenye mada hiyo, kama bado anaikumbuka, ajue kwamba haijaandikwa na mtu mwingine.