Mtoto Akipanda Jiwe, Tumwite Ashuke?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo kila mama wa Bariadi, Maswa na Itilima analifahamu. Tumewatuma watoto kuchunga mbuzi, au kuanua michembe tuliyoianika juu ya jiwe. Kabla hatujamaliza kuosha vyombo tunawaona wako juu kabisa, wanatupungia mikono. Mara tunapaza sauti: "Shuka hapo, utavunjika mguu!" Akiwa mvulana tunaita mara moja na kuendelea na kazi. Akiwa msichana tunamfuata na fimbo.

Je, jibu hilo linatosha? Sisi tunaona halitoshi. Mtoto anayekatazwa bila kufundishwa haachi kupanda. Huenda kwenye jiwe lililo mbali, asikoonekana na mtu mzima. Akianguka huko, huyaficha maumivu kwa kuogopa kuchapwa. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa.

Mawe yetu hayataondoka. Ni ya granaiti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Yalikuwa chini ya ardhi. Maji yakapenya katika nyufa zake na kuzilainisha kingo, kisha mvua za miaka mingi zikauchukua udongo. Yakabaki mawe makubwa ya mviringo, moja juu ya jingine, kana kwamba yamepangwa na mtu. Ndivyo yalivyo Mwanza penye Jiwe la Bismarck, na ndivyo yalivyo mpaka Serengeti.

Wenzetu wa Ufaransa wana msitu uitwao Fontainebleau, kusini ya Paris, wenye mawe mengi ya mchanga mgumu. Huko watu hupanda mawe mafupi bila kamba. Tangu miaka ya 1940 wamekuwa wakichora alama za rangi juu ya mawe ili kila mtu ajue njia inayomfaa: manjano kwa wanaoanza, kisha rangi ya chungwa, buluu, nyekundu na nyeusi. Zipo hata njia za watoto wadogo. Mchezo huu una madaraja kama shule, wala hakuna anayeona aibu kukaa daraja la chini. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Huko, na tena Paris mwaka 2024, binti wa Slovenia aitwaye Janja Garnbret alitwaa medali ya dhahabu katika upandaji.

Basi sisi nasi tunaweza kuwawekea watoto wetu madaraja.

Daraja la kwanza ni jiwe lililolala, ambalo mtoto hulipanda kwa miguu huku akigusa kwa mikono tu. La pili ni jiwe lenye vishikio vikubwa na mahali pazuri pa kukanyaga. La tatu ni jiwe lililosimama zaidi, lakini fupi. Kipimo chetu kiwe hiki: nyayo za mtoto zisipite bega la mama aliyesimama chini. Zaidi ya hapo si mchezo wa watoto.

Kabla ya kupanda, tuzingatie haya:

1. Tutazame chini kwanza. Tuondoe mawe madogo, visiki na miiba pale atakapoangukia.

2. Tuchunguze nyufa. Nyoka, nyuki na tandu hupenda kukaa humo. Mtoto asitie mkono mahali asipopaona.

3. Tugonge jiwe kwa ngumi. Granaiti hubambuka magamba. Likilia kama debe tupu, asilishike.

4. Ajue njia ya kushukia kabla hajapanda. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na watoto wengi hukwama kwa sababu walifikiria kupanda tu.

5. Asukume kwa miguu kuliko kujivuta kwa mikono. Kati ya mikono miwili na miguu miwili, kimoja tu ndicho kisogee. Vitatu vibaki vimeshika.

6. Mtu mmoja asimame nyuma yake mikono ikiwa juu. Kazi yake si kumdaka, bali kumwelekeza kiunoni na mgongoni atue kwa miguu, kichwa kisipige chini. Anayeanguka akunje magoti, wala asitangulize mikono nyuma.

Jiwe lililolowa tuliache, maana ukungu wake huteleza kama sabuni. Ngurumo zikianza, wote washuke na kurudi nyumbani. Mchana wa jua kali jiwe huchoma nyayo. Asubuhi na jioni ndizo saa nzuri. Tuwaulize wazee pia kama jiwe hilo lina makaburi au ni mahali pa tambiko, na tupaheshimu. Mawe yaliyo ndani ya hifadhi ya Serengeti si ya kuchezea kabisa. Simba hupumzika juu yake.

Ikitokea ajali, tusimwinue mtoto kwa kumvuta mikono. Akilalamika shingo au mgongo, alale hapo hapo bila kutikiswa mpaka msaada ufike. Akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, au damu ikimtoka sikioni, ni hospitali mara moja hata kama ni usiku. Mguu uliovimba tusiukande kwa maji ya moto. Tuufunge kwa vijiti na kanga, kisha twende kituo cha afya.

Neno la mwisho ni juu ya binti zetu. Tunawaambia kupanda ni tabia ya kiume, kisha tunawatuma kubeba ndoo kichwani kwenye njia zilizojaa mawe hayo hayo. Kujua mahali pa kukanyaga kutawafaa maisha yote. Mvalishe kaptula au suruali ndani ya gauni, mama, umpeleke mwenyewe kwenye lile jiwe la michembe jioni moja wiki hii. Wewe simama nyuma yake, mikono juu.