"Umoja wa Rohoni" Ni Kisingizio

Kuna jibu ambalo wahubiri wetu, kutoka Misikhu hadi Kitale, wamelizoea mno. Ukiwauliza mbona makanisa hayaishi kugawanyika, wanakwambia umoja ambao Yesu aliuomba katika Yohana 17 ni wa rohoni tu, hauhusu uongozi wala mali. Huo ni upotoshaji wa Maandiko.

Soma tena aya ya 21. Yesu hakuishia kuomba tuwe na umoja. Alitaja na sababu: ulimwengu upate kuamini kwamba Baba ndiye aliyemtuma. Asiyeamini ataonaje kilicho rohoni mwangu? Anachokiona ni jinsi ninavyoishi na Mkristo mwenzangu. Ukiuficha umoja rohoni, umelifuta nusu ya ombi la Bwana.

Watazame Marafiki, yaani Waquaker, ambao wametulea wengi sehemu hizi za magharibi mwa Kenya. Wamishenari watatu Wamarekani walianza kazi Kaimosi mwaka 1902, na mwaka 1946 ukaundwa Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, chombo chao kikuu cha uongozi, kimoja kwa wote. Mwaka 1973 Marafiki wa Elgon wakajitenga, makao yao yakawa Lugulu, hapa jirani na Misikhu. Migawanyiko mingine ikafuata. Ni fundisho gani la imani lililowatenganisha? Hakuna! Ugomvi ulikuwa wa uongozi, mali, na ukabila kati ya Walogooli na Wabukusu. Kisha tunaambiwa rohoni bado ni wamoja.

Sidai tuabudu chini ya paa moja. Mbukusu kuomba kwa Lubukusu si dhambi, na Mkatoliki wa parokia ya Misikhu hana haja ya kuacha misa yake. Hata hivyo, tukumbuke kwamba wengi wetu hatukuyachagua madhehebu haya. Wamishenari wa Kiprotestanti waligawana maeneo, na aliyepewa eneo lenu ndiye aliyewapa babu zenu jina la kanisa. Leo tunailinda mipaka hiyo kana kwamba ilichorwa na Kristo, hadi makaburini, ambapo wachungaji wanagombania kipaza sauti mbele ya wafiwa.

Lakini Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Marafiki wa Mikutano ya Mwaka mbalimbali walikutana Kakamega, wakapanga pamoja jinsi ya kuwahudumia waliofurushwa makwao na kurejesha amani. Umoja huo ulionekana kwa macho. Anayesema leo hauwezekani atueleze kinachomzuia, na asiitaje roho.