Ng'ombe au mgodi? Swali lenyewe bovu

Kimya changu ni zamu za usiku tu, mzima kabisa. Leo nina hasira, mnivumilie.

Shemeji yangu mmoja kanitumia ujumbe: nyie wa Marekani msitusemee mito yetu, hata Potomac yenu imejaa kinyesi. Kweli kabisa. Januari 2026 bomba kubwa la maji taka lilibomoka hapa Maryland, jirani na Washington, zaidi ya galoni milioni 200 zikaingia mtoni. Lakini shemeji, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walikwenda kuchota maji, wakatafuta bakteria, wakakuta hata MRSA, yule bakteria sugu ambaye sisi wauguzi hatuingii chumbani kwa mgonjwa wake bila gauni na glavu. Na wakatangaza.

Turudi kwetu. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakafa. Watu wakanyoosha kidole mgodini. Kamati ya Profesa Samwel Manyele ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa ng'ombe, pamoja na mimea iliyooza. Watu wakacheka, utani ukazagaa, tukalala.

Mimi sikucheka. Tuseme kamati ilisema kweli tupu. Kinyesi hicho kinabeba bakteria, na ng'ombe wetu wanadungwa oksitetrasaiklini na yeyote mwenye sindano. Mto huohuo unapokea maji ya Tigithe, ambako Mei 2009 maji machafu ya mgodi wa North Mara yalivuja. Na wachimbaji wadogo wananasa dhahabu kwa zebaki, mnawajua, wengine ni binamu zetu.

Sasa sikilizeni. Bakteria anayeishi penye zebaki au aseniki huhitaji silaha ya kuikabili. Silaha hiyo mara nyingi imo kwenye kipande kimoja cha DNA na ile ya kukataa antibaiotiki, na bakteria hupeana vipande hivyo kama vijana wanavyopeana nyimbo kwenye simu. Hivyo metali inampendelea bakteria sugu hata mahali ambapo hakijafika kidonge kimoja. Ng'ombe analeta bakteria, mgodi unachuja wanyonge. Kubishana ni nani kati yao ni kupoteza muda!

Halafu mama wa kijijini anasemwa kliniki kwamba usugu ni kosa lake, kanunua amoksilini dukani bila cheti, hakumaliza dozi. Sawa, dozi imalizwe. Mwaka 2019 usugu huu uliua watu wapatao milioni 1.27 duniani, sifanyi mzaha. Ila mama huyo anachota maji wapi?

Wataalamu wakija tena na ripoti ya maji, msiridhike na asidi na metali. Waulizeni: bakteria mliowaotesha maabara walikufa kwa dawa gani, na ipi waliikataa? Wakisema hilo si la wizara yao, waiteni wa maji, wa madini, wa afya na wa mifugo wakae meza moja. Ng'ombe naye aalikwe, maana ndiye pekee aliyekwisha kuhukumiwa.

Msalimieni bibi.